Kuhusianisha ankara na lalamiko

Katika programu za huduma kwa wateja kuna kazi moja ndogo ambayo tafsiri yake huwasumbua wengi: kuliweka lalamiko la mteja pamoja na kumbukumbu za madai na malipo yanayolihusu, ili mtumishi anayelishughulikia aone mahali pamoja kilichodaiwa, kilicholipwa na kinachobishaniwa. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Ugumu ni kwamba karibu kila moja kati ya maneno hayo lina kazi nyingine tayari katika ofisi za maji na umeme, na mfasiri asiyezijua ofisi hizo huchagua neno ambalo mteja atalielewa vingine.

Mifano ya makala hii imewekwa Mbezi Luis, kandokando ya Barabara ya Morogoro, katika Manispaa ya Ubungo iliyomegwa kutoka Kinondoni. Mkazi wa hapo hupata maji kwa Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam, yaani DAWASA, na umeme kwa TANESCO. Maji mara nyingi huyatumia kwanza, kisha hudaiwa. Umeme kwa kawaida huulipia kwanza kupitia LUKU, jina lililofupishwa kutokana na “Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia”. Nyumba moja, basi, ina kumbukumbu za namna mbili, na lalamiko linalotoka humo halina budi kujulikana linahusu ipi.

Ankara na jamaa zake

“Ankara” ni nomino ya ngeli ya i-/zi-, nayo haibadiliki katika wingi: ankara hii, ankara hizi. Ni hati inayomweleza mtu kiasi anachodaiwa kwa bidhaa au huduma. “Bili” lina maana hiyohiyo katika mazungumzo, na si kosa kulitumia katika ujumbe mfupi wa simu. Lakini ndani ya hati moja yasichanganywe, kwani msomaji ataona maneno mawili na kudhani ni vitu viwili.

“Stakabadhi” huthibitisha kwamba malipo yamepokelewa. Ni ndugu wa “kabidhi” na “makabidhiano”, na undugu huo unasaidia kukumbuka maana: fedha imekwisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. “Risiti” ndilo neno la dukani kwa hati hiyohiyo. Mteja anayesema “ninayo risiti” anadai kwamba amelipa. Anayesema “ninayo ankara” anasema kwamba anadaiwa. Mfasiri aliyeita sehemu ya ankara “Risiti zako” amewapotosha wote wawili, mteja na mtumishi.

Hati hizi zote kwa jumla, pamoja na usomaji wa vipimo na marekebisho yaliyofanywa, huitwa “kumbukumbu za ankara na malipo”. “Rekodi” pia inaeleweka, ila ina harufu ya muziki na ya michezo, na katika maandishi rasmi “kumbukumbu” imetulia zaidi.

Tiketi au lalamiko

Programu nyingi za kigeni huliita kila jambo lililofikishwa na mteja kwa neno lenye maana ya tiketi, na wafasiri wengi huliacha hivyo. Mahali pengine tafsiri hiyo ingepita bila kutambuliwa. Mbezi Luis ndipo kilipo Kituo cha Mabasi cha Magufuli, kilichozinduliwa mwaka 2021, ambako tiketi ni kitu kimoja tu, nacho ni cha kusafiria. Ujumbe unaosema “tiketi yako imefunguliwa” ukimfikia mtu wa hapo, swali lake la kwanza litakuwa tiketi ya kwenda wapi.

Neno “lalamiko” linatosha pale ambapo mteja analalamika. Asipolalamika, bali ameuliza au ametoa habari ya bomba lililopasuka, neno zuri ni “taarifa”. Jina linaloyachukua yote mawili ni “shauri”, ingawa lina uzito wa kimahakama, na kwa hoja ndogo linaweza kutisha. Pendekezo letu ni kuandika “lalamiko” au “taarifa” kwa mteja, na “jalada” ndani ya ofisi, kwa kuwa jalada ndilo chombo cha kale cha kukusanya karatasi zote za jambo moja, na mtumishi wa umma hahitaji kuelezwa maana yake.

Lalamiko ni la ngeli ya li-/ya-. Wingi “malalamiko” hutumika pia kwa jambo moja, kama katika “nina malalamiko”. Hilo ni sahihi katika usemi. Katika mfumo unaohesabu, umoja ulindwe: lalamiko moja, namba moja.

Kitenzi kipi?

Hapa ndipo penye kazi. Vitenzi sita hivi hugombea nafasi, na si visawe.

“Unganisha” ndicho huja kwanza kichwani, nacho ndicho cha kuepukwa. Katika ofisi ya maji au ya umeme, kuunganisha ni kumfikishia mteja huduma: “ameunganishiwa maji”, “ada ya kuunganishiwa umeme”. Kinyume chake ni kukata. Mteja ambaye maji yake yamekatwa akipokea ujumbe kwamba “ankara yako imeunganishwa”, ataondoka kwenda kufungua bomba.

“Ambatisha” na “ambatanisha” ni vya karatasi na mafaili. Huambatishwa kitu kidogo kwenye kitu kikubwa: picha ya dira kwenye barua, nakala ya stakabadhi kwenye fomu. Kinachoambatishwa ni nakala iliyoganda. Ankara ikirekebishwa kesho, nakala iliyoambatishwa leo itabaki na kiasi cha jana. Kwa sababu hiyo kitenzi hiki hakitoshi pale ambapo mfumo unaonyesha ankara yenyewe, iliyo hai, pamoja na mabadiliko yake.

“Linganisha” ni kutazama vitu viwili ili kuona tofauti. “Oanisha” ni kuvifanya vikubaliane. Hiki cha pili kinafaa sana kwa malipo: kuoanisha malipo na ankara ni kuhakikisha kwamba kila shilingi iliyopokelewa imeandikwa kwenye dai lake. Malalamiko mengi ya “nimelipa lakini bado nadaiwa” ni ya malipo ambayo hayajaoanishwa. Lakini lalamiko na ankara hazioanishwi, kwa maana lalamiko kwa asili yake halikubaliani na ankara.

“Husisha” ni cha hatari kidogo. Kina maana ya kufanya kitu kiwe na uhusiano na kingine, ila katika habari za kila siku mtu “huhusishwa” na wizi au na ajali. Sentensi “mteja amehusishwa na ankara tatu” ina sauti ya mashtaka.

Kinachobaki ni “husianisha”: kufanya vitu viwili vihusiane, kila kimoja kikibaki kama kilivyo. Hakina maana ya bomba, ya gundi wala ya lawama. “Lalamiko limehusianishwa na ankara ya Mei” inasomeka vizuri, na kinyume chake, “ankara ya Mei imehusianishwa na lalamiko”, kinasomeka vizuri vilevile. Hilo lina faida, kwa kuwa uhusiano wenyewe ni wa pande mbili: anayefungua lalamiko aione ankara, na anayefungua ankara aone kwamba kuna lalamiko juu yake. Mifumo mingi hutimiza upande wa kwanza tu, na upande wa pili ndio unaomkinga mteja, kama itakavyoonekana.

“Husika” na “zinazohusiana”

Watu huvichanganya. “Ankara husika” ni ile hasa inayolalamikiwa. “Ankara zinazohusiana” ni kundi: ile yenyewe, za miezi ya kabla ambazo huonyesha kawaida ya matumizi, na za baadaye ambazo zimebeba deni lake. Kitufe kinachoonyesha kundi hilo kikiandikwa “Ankara husika”, mtumishi atadhani zote zinabishaniwa.

Wapo wanaokataa “husika” isiyo na kiambishi na kudai “ankara inayohusika”. Hoja yao ina msingi wa kisarufi, lakini “husika” imekwisha kuzoeleka katika maandishi ya ofisi kama kivumishi kisichobadilika, na katika lebo fupi ya skrini haina mbadala mwepesi. Isipokubaliwa kabisa ni ile ya barua: “Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.” Kwa sarufi, anayeamriwa kuhusika hapo ni msomaji. Ni ada ya ofisi iliyokomaa, na mwalimu anaweza kuitambua bila kuifundisha.

Barua zenyewe, hata hivyo, zinatufundisha kitu. Kabla ya kompyuta, ofisi za Tanzania zilihusianisha nyaraka kwa mistari miwili: “Kumb. Na.” juu ya barua na “Yah:” katikati. Mwandishi alianza kwa “Rejea barua yako yenye Kumb. Na. …ya tarehe…”, na karani wa masjala alijua jalada la kulitoa kabatini. Kitenzi “rejea” kilifanya kazi ile ile inayofanywa leo na programu. Mteja anayeandika kwa mkono bado anaweza kukitegemea, mradi ataje namba.

Namba zipi?

Mteja wa Mbezi Luis huzungukwa na namba, na majina yake hayajatulia. Kwanza ni namba ya akaunti, au namba ya mteja, ambayo humtambulisha yeye kwa mtoa huduma na haibadiliki kila mwezi. Ya pili ni ya kipimo. DAWASA na wateja wake hukiita “dira ya maji”. Wa umeme ni “mita”. Mfasiri azingatie mgawanyo huo, maana “mita” katika ankara ya maji inaweza kugongana na mita za ujazo. Uniti moja ya maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Uniti moja ya umeme ni kilowati-saa moja. Neno ni moja, vitu viwili.

Kisha kuna namba ya ankara, inayotambulisha dai la kipindi fulani, na namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita “kontroo namba”. Hii hutolewa kupitia mfumo wa serikali wa kukusanya malipo kwa njia ya kielektroniki, ulioanza kutumika 2017, na ndiyo mteja huiandika katika simu au kuitaja kwa wakala anapolipa. Mfasiri asichukulie kwamba namba ya malipo na namba ya ankara ni kitu kimoja. Ya kwanza huonyesha fedha zimekwenda wapi, ya pili huonyesha zilidaiwa kwa ajili ya nini. Mwisho ni namba ya lalamiko, ambayo mteja hupewa baada ya kueleza jambo lake.

Sasa tazama maongezi haya ya kubuni, ya dirishani:

“Shikamoo mama.”
“Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa lile jambo la bili.”
“Una namba?”
“Ninazo. Unataka ipi?”

Swali la mama ndilo swali la makala hii. Neno “namba” peke yake halifai katika fomu wala katika ujumbe. Kila mara litajwe ni namba ya nini. Fomu ikiomba “Namba ya kumbukumbu” bila kuongeza neno, nusu ya watu wataandika ya malipo na nusu ya lalamiko.

Jina la mahali nalo si kitambulisho cha kutegemea. Mbezi Luis iko Ubungo. Mbezi Beach na Mbezi Juu ziko Kinondoni. Lalamiko lililoandikwa “mteja wa Mbezi” linaweza kutua meza isiyo yake na kukaa huko. (Kenya huandika “nambari” penye “namba”, na “stima” husikika zaidi kuliko “umeme”. Anayetafsiri kwa nchi zote mbili aandae matini mbili.)

Kwa nini namba ya mteja haitoshi

Tuchukulie nyumba ambayo kwa kawaida hutumia uniti 14 za maji kwa mwezi. Ankara ya Mei inaonyesha usomaji uliopita 412 na usomaji wa sasa 471: matumizi uniti 59, sawa na ndoo 2,950 za lita 20. Mwenye nyumba analalamika mwezi Juni. Lalamiko linasajiliwa kwa namba ya akaunti tu, bila kutaja ankara.

Ankara ya Juni inatoka ikiwa na uniti 14, na juu yake kuna “malimbikizo”, yaani kiasi cha Mei ambacho hakikulipwa. Julai hali ni hiyohiyo. Mtumishi wa madeni anapofungua orodha yake haoni ankara inayobishaniwa. Anaona mteja mwenye malimbikizo ya miezi miwili. Kwake, jina la mtu huyo linakwenda kwenye orodha ya kukatiwa maji. Wakati huohuo, meza ya pili, lalamiko lipo, limeandikwa vizuri, lina namba, na halina njia ya kuifikia ankara.

Kama lalamiko lingehusianishwa na ankara ya Mei yenyewe, kiasi hicho kingeonekana kwa jina lake la haki: “kiasi kinachobishaniwa”. Tafsiri ya jina hili ni muhimu kuliko zote katika fungu hili. “Deni” ni kiasi ambacho kimethibitika. “Malimbikizo” ni deni lililopita muda wake. “Kiasi kinachobishaniwa” si mojawapo ya hayo hadi uamuzi utolewe. Mfasiri anayetumia “deni” kwa yote matatu amekwisha kuamua shauri la mteja kabla halijasikilizwa.

“Salio” nalo liangaliwe. Katika simu, salio ni kile ulichonacho. Katika ankara linaweza kuwa kile unachodaiwa. Ni bora kuandika “kiasi unachodaiwa” au “kiasi ulichozidisha”, hata kama maneno yanaongezeka.

Mfano wa LUKU: deni la nani?

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 ikawa shilingi 1,500. Asiyenunua umeme kwa miezi kadhaa hukatwa malimbikizo anaponunua. Kodi hiyo ni ya serikali, mita ni ya TANESCO, jengo ni la mwenye nyumba, na anayebonyeza simu kununua uniti mara nyingi ni mpangaji.

Hapa neno “deni” limezaa malalamiko mengi. Mpangaji aliyenunua umeme wa shilingi 5,000 na kuona sehemu imekatwa kwa jina hilo husema, kwa haki, kwamba hadaiwi na TANESCO. Lugha sahihi ingetaja asili ya makato: “kodi ya majengo”. Lalamiko kama hili lina kumbukumbu za pande mbili: ya ununuzi wa umeme, na ya dai la kodi kwa jengo. Kulihusianisha na ya kwanza peke yake ni kumwambia mlalamikaji kwamba mita inafanya kazi vizuri, jambo ambalo hakuliuliza. Na jengo lenye mita mbili likikatwa kodi mara mbili, kila ununuzi ukitazamwa peke yake hauna kasoro. Kasoro huonekana kumbukumbu za mita zote mbili zinapowekwa pamoja.

Kubambikiwa

Neno la mtaani kwa ankara isiyo ya haki ni “kubambikiwa bili”. “Bambikia” na “bambikiza” ni kumtwisha mtu kisicho chake kwa hila. Ndiyo maana kuna pia “kubambikiwa kesi”. Ni maneno sahihi na yana nguvu, lakini yanataja nia. Mtumishi anayesajili lalamiko asiyafute, kwa sababu ni sauti ya mteja. Ayaandike ndani ya alama za kunukuu, kisha mstari wa muhtasari aueleze kwa lugha isiyoegemea: “Mteja analalamika kwamba kiasi cha ankara kimezidi matumizi yake ya kawaida.” Kuna pia ankara ya “makadirio”, isiyotokana na dira kusomwa. Ikiwa ndiyo sababu, itajwe hivyo, kwani makadirio yanaweza kuwa makosa bila mtu yeyote kubambikia.

Barua ya mteja anayetaka jambo lake lisipotee inaweza kuwa fupi hivi:

“Yah: Lalamiko kuhusu ankara ya maji ya Mei. Rejea ankara yenye namba iliyotajwa hapa chini, ya akaunti yangu ya Mbezi Luis. Nabishania uniti 59 zilizoandikwa. Ankara tatu zilizotangulia zina uniti 14 kila moja. Naambatisha picha ya dira yenye tarehe. Naomba lalamiko hili lihusianishwe na ankara hiyo, na nipewe namba ya lalamiko.”

Angalia kwamba picha inaambatishwa, ankara inarejelewa, na lalamiko linahusianishwa. Vitenzi vitatu, kila kimoja mahali pake. Barua hiyo itafaa pia mbele ya safari. Asiyeridhika na jibu la mtoa huduma anaweza kupeleka lalamiko kwa EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, na huko jambo la kwanza litakaloulizwa ni kama alianza kwa mtoa huduma. Namba ya lalamiko ndiyo jibu.

Kufungwa na kutatuliwa

Mfumo unapomaliza kazi yake huandika kwamba lalamiko “limefungwa”. Kwa mtumishi, neno hili lina maana ya jalada kurudi kabatini. Kwa mteja, “kufungwa” ni mlango, au jela. Lakini kasoro kubwa zaidi ni kwamba halisemi lolote juu ya ankara. Lalamiko linaweza kufungwa kwa sababu mteja hakupokea simu, huku uniti 59 zikiendelea kuhesabiwa kila mwezi katika malimbikizo.

“Limetatuliwa” litumike pale tu ambapo kuna uamuzi, na uamuzi huo utajwe pamoja na ankara: “Lalamiko limetatuliwa, ankara ya Mei imerekebishwa kuwa uniti 14”, au “Lalamiko limetatuliwa, dira imepimwa na kiasi cha ankara ya Mei kimethibitishwa.” Pasipo uamuzi, iandikwe “limesitishwa” pamoja na sababu yake, na ankara ibaki na alama ya kubishaniwa.